Shangazi Anajibu: Amefaulu, Mbona Unalia?

*Shikamoo Shangazi. Kitindamimba wangu amechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni, mkoa wa mbali. Miaka yote nimemwombea afaulu. Amefaulu, na sasa kila nikiliona lile tranka machozi yananitoka. Isitoshe ameniambia nisimpeleke hadi shuleni, niishie stendi ya Tarime. Nimemkosea nini?*
*Mama Kitindamimba, Nyamwaga*

Marahaba, mama. Hujamkosea, ila sala yako uliiacha nusu. Kufaulisha ni kazi ya Mungu. Kupanga shule ni kazi ya TAMISEMI, na hao hawasikilizi maombi ya usiku. Wala usiende kuwalilia watumishi wa halmashauri kwa sababu tu makao makuu yako hapo Nyamwaga. Wana watoto wao wa kuwalilia.

Kwa kweli serikali ndiyo iliyokuponza. Zamani mzazi alikuwa na ada. Akimlilia mtoto, majirani walidhani analilia ada, wakampa pole na heshima yake ikabaki. Mwaka 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne, 2022 ikafutwa ya cha tano na cha sita, na wewe huna tena pa kufichia machozi. Bahati nzuri fomu ya kujiunga bado inadai godoro, ndoo, shuka na fyekeo. Nenda sokoni, muuzaji akitaja bei ya godoro, lia yote. Huenda akapunguza.

Kuhusu stendi, kubali. Kijana hakuonei aibu wewe, anaogopa utakachofanya. Utamfunga kifungo cha shati mbele za watu, kisha utamwambia konda, "Huyu mtoto huwa anatapika." Zile karanga mpe nyumbani, usilikimbize basi ukizirusha dirishani. Atakataa, atasema amekua. Mtilie kwenye begi hivyo hivyo. Kabla ya Mwanza zitakuwa zimekwisha.

*Shangazi, mwanangu alitahiriwa kwenye saro, sherehe yetu ya tohara, ya Desemba. Tangu hapo halali nyumbani kwa mama yake, hatumwi dukani, na akinisalimia anakohoa kwanza kama mzee wa ukoo. Nafurahi, lakini namkosa yule wa zamani. Na mbuzi achunge nani?*
*Baba wa Mbuzi, kando ya Mto Mara*

Uchunge wewe. Si uliita ndugu, ukachinja, ukacheza hadi vumbi likatimka, ukatangaza kuwa sasa ni mwanamume? Umeshangaa nini alipokuamini?

Yule wa zamani harudi, ila mbuzi wana dawa. Usimtume kijana, mtake ushauri. "Mwanaume mwenzangu, huyu beberu unamwonaje? Mguu wake sielewi." Atakohoa, atamkagua, atamfuata hadi malishoni kuutazama vizuri huo mguu, na kundi zima litakuwa nyuma yao.

Mkeo usimfundishe mbinu hii. Anaitumia kwako tangu mlipooana.