Shusha Gari, Matuta Yanakusubiri

Kabla ya kununua springi, tafuta sababu. Hakuna mtu mzima awezaye kumwambia mwenzake wa ndani kwamba pesa ya ada imepungua kwa sababu pengo kati ya tairi na fenda linamkera. Wewe sema "uthabiti". Sema gari linayumba kwenye kona na unawahofia watoto. Usithubutu kutaja urembo, hata kama kila jioni majirani wanakuona umechuchumaa kando ya Mark X yako ukipima pengo hilo kwa vidole: vinne vinaingia bila kugusa, na wewe unataka viwili viingie kwa shida.

Uzuri wa sababu hiyo ni kwamba ina ukweli. Gari likipiga kona, uzito wake huhamia matairi ya upande wa nje, na kadiri kitovu cha uzito kinavyokuwa juu ndivyo uzito mwingi zaidi unavyohama. Kwenye saluni ya kawaida kitovu hicho kiko kama sentimita 55 kutoka ardhini. Ukilishusha gari sentimita 3, uzito unaohama unapungua kwa asilimia 5 hivi. Ongeza ugumu wa springi zenyewe, na gari halilali ubavu kama zamani, wala pua haizami sana ukikanyaga breki. Matunda yote haya utayala kwenye foleni ya Mwenge saa kumi na mbili jioni, ukitambaa nyuma ya daladala huku bajaji ikikupita kushoto.

Sababu ikishakubaliwa nyumbani, chagua kiasi cha kushuka. Hapa wapo waoga. Kampuni za Eibach na H&R za Ujerumani, na Tein ya Japani, wamefanya kazi hii kwa miongo kadhaa; wana mashine za kupimia na wanajua shokapu ya kila gari ina nafasi gani ya kutembea. Baada ya utaalamu wote huo, kwa magari mengi ya kawaida wanatoa springi za kushusha sentimita 2 au 3, wakijikaza sana 4 au 5. Wewe huna mashine wala kipimo, kwa hiyo dai 7.

Namba ya chesesi isikuumize kichwa. GRX120 na GRX130 zote zimeandikwa Mark X nyuma, na muuzaji wa Gerezani akikuambia "zinaingiliana hizo, mkubwa", nani wewe umbishie? Kwamba hata ndani ya toleo moja gari linalovuta magurudumu yote manne huweza kuwa na springi zake tofauti, hayo ni mambo ya Wajapani na katalogi zao. Kuhusu uhalisi wa springi, angalia rangi. Springi za Tein zinajulikana kwa kijani chake, na kopo la rangi ya kijani halina gharama. Chuma cha ndani kama ni kile kinachorudi kimo chake baada ya kukandamizwa maelfu ya mara, au ni kile kitakachokaa chini moja kwa moja baada ya msimu mmoja wa mvua, hilo utalijua baadaye, na risiti hukupewa.

Ukiona springi za dukani ni ghali, basi umefika kwenye mbinu pendwa kuliko zote. Fundi anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anaitazama springi yako ya kiwandani, anasema: "Kaka, ya nini kununua? Hii tunaikata tu." Anawasha grainda. Dakika kumi, pengo limekwisha, na bei yake ni pesa ya soda pamoja na heshima.

Hesabu ya jambo hili ni tamu, tuipitie polepole. Ugumu wa springi hupanda kadiri mizunguko inayofanya kazi inavyopungua. Springi ya mizunguko 6 ukiitoa mmoja inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20. Ukitoa miwili, asilimia 50. Umepata springi ngumu bila kununua springi ngumu, na hapo fundi amesema kweli. Asichosema ni kwamba ncha ya springi nyingi imetengenezwa ikae sawasawa kwenye kikalio chake, na sasa ncha hiyo iko kwenye takataka za gereji. Kikalio kinashikilia chuma kilichokatwa mshazari. Siku gurudumu litakaponing'inia, iwe juu ya jeki au ukiruka shimo, springi fupi inaweza kulegea, ikahama, kisha ikarudi mahali ilipopenda yenyewe. Utasikia "kang!" Ongeza sauti ya redio.

Wengine hawakati, wanapasha moto kwa gesi hadi koili zinywee zenyewe. Hao ni wasanii. Chuma cha springi kilipewa ukakamavu wake kiwandani kwa kupashwa na kupozwa kwa vipimo. Moto wa gereji unaufuta ukakamavu huo, tena upande mmoja zaidi ya mwingine, ili gari lipate tabia mbili tofauti, kulia na kushoto.

Kwa kuwatetea wakataji, ukoo wao ni mrefu. Vijana wa Kimeksiko wa Kalifornia, baada ya Vita Kuu ya Pili, walikata springi na kupakia mifuko ya mchanga kwenye buti ili Chevrolet zao zitambae chini. Serikali ya jimbo ikaleta sheria iliyoanza 1958, kwamba bodi ya gari isishuke chini ya rimu. Mwaka uliofuata Ron Aguirre akaifungia Corvette yake pampu za haidroliki: akiwa mbali na polisi gari liko chini, akiwaona analiinua. Marufuku ile iliondolewa kuanzia 2024. Hawa walau walikuwa na akili ya kulipandisha tena.

Shokapu? Ziache zile zile za zamani. Kweli, shokapu ya kawaida ilitengenezwa kufanya kazi katikati ya safari yake, na ukilishusha gari inafanya kazi karibu na mwisho, ikigonga mpira wa kuzuia kila mara. Kweli, springi ngumu hurudi juu kwa nguvu kuliko shokapu hiyo inavyoweza kuituliza, na gari linabaki linarukaruka baada ya kila bonde. Lakini watu wakiliona linarukaruka si watasema lina nguvu?

Kwa wenye Vitz, IST na Impreza kuna zawadi ya ziada. Magari haya mbele yana mguu wa aina ya MacPherson, aliyoibuni Earle MacPherson na ambayo Ford waliitumia kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940: shokapu na springi pamoja juu, mkono mmoja wa chuma chini. Mkono ule ukiwa mlalo au umeelekea chini kidogo kwenye gurudumu, mambo ni mazuri. Ukilishusha gari kupita kiasi unageuka na kuelekea juu, na ile nukta ambayo gari hulalia ubavu inakimbilia chini upesi kuliko kitovu cha uzito chenyewe. Yaani umelishusha ili lisilale kwenye kona, na sasa mwili wake una sababu kubwa zaidi ya kulala. Ni ugumu wa springi peke yake unaoushikilia. Tairodi nazo zinakaa mshazari, hivyo kila tuta linakusaidia kukata usukani bila kuombwa. Haya hayaonekani kwenye picha, kwa hiyo hayapo.

Alaimenti nayo iruke. Magurudumu yataingia ndani juu na kutoka nje chini, mkao ambao vijana wanaupenda, na matairi yataliwa upande wa ndani hadi nyuzi zitokeze huku upande wa nje ukiwa mpya kabisa. Tairi linaonekana zima hadi siku linapopasuka.

Kama gari lako lina taa za xenon zinazojirekebisha, kuna kihisi kidogo kinachopima kimo cha nyuma. Shusha nyuma, na kompyuta itaamini umepakia magunia ya mchele buti nzima. Kwa adabu itainamisha taa ili usiwapofushe wenzako. Usiku kwenye barabara ya Bagamoyo utaangaziwa vizuri mita chache za mwanzo. Mengine utayaona ukiyafikia.

Halafu matuta. Mark X kama ilivyoshuka melini ina takriban sentimita 15 kati ya tumbo lake na lami. Toa 7, toa tena zile zinazopotea shemeji wawili na mama mkwe wanapoketi nyuma, kisha endesha hadi mtaani kwenu ambako wananchi wamejijengea tuta kwa zege na hasira. Huko Japani gari lilikotoka, ukaguzi hautalipitisha likiwa na chini ya sentimita 9. Hapa mkaguzi ni sampu ya oili. Utajifunza kulipanda tuta mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, huku msafara wa magari ukikupigia honi. Utajifunza kuwaambia abiria washuke, watembee, wapande tena mbele. Safari ya Iringa kupitia matuta ya Mikumi ifanye kwa basi.

Na wale waliobaki, wasiopenda vituko? Hao wanunue seti ya springi nne za kampuni inayojulikana, zilizotajwa kwa namba ya chesesi ya gari lao, za kushusha sentimita 2.5 au 3 basi. Wafunge shokapu mpya zinazoendana nazo siku hiyo hiyo, alaimenti ifanyike gari likiwa limeshatulia, na irudiwe baada ya wiki chache springi zikishakaa. Taa zipimwe upya. Kama bajeti inatosha springi tu bila shokapu na alaimenti, basi bajeti haitoshi. Kama njia ya kwenda kwako ni ya vumbi na makorongo, nunua rimu nzuri, pengo litapungua machoni, na gari libaki lilivyo.

Vyovyote utakavyoamua, springi za kiwandani usimwachie fundi. Zifunge kwenye gunia, uzihifadhi stoo, kwa maana siku ya kuuza gari mnunuzi wa kwanza atachungulia chini, na swali lake litakuwa kama unazo.