Namna ya Kukohoa Nusu Mwaka Bila Kupimwa

Umeanza kukohoa. Pole sana. Ila tuelewane mapema: kukohoa tu hakuhitaji mwongozo, hata mtoto anaweza. Kazi ni kukohoa miezi sita mfululizo hapa hapa Same, katikati ya watu wanaomjua mpaka babu yako, bila makohozi yako kufika maabara. Inawezekana. Wengi wametangulia, na baadhi yao wametangulia kweli kweli.

1. Tafuta cha kusingizia. Ukiwa Makanya umebarikiwa, sema ni vumbi la jasi. Ukiwa Chome au Suji, sema ni baridi ya mlimani. Mjini yapo malori ya barabara kuu na moshi wake. Watu wa afya wana wimbo wao, kwamba kikohozi cha wiki mbili kipimwe. Usibishane nao. Anza tu kuhesabu upya kila Jumatatu.

2. Jitibu mwenyewe. Mamba Miamba wanalima tangawizi ya kusifika, na chai yake hupooza koo. Koo likipoa utaamini umepona, walau mpaka saa nane usiku. Ikishindikana, ingia duka la dawa, nunua amoksilini, tena nusu dozi. Vimelea vya kifua kikuu havishtushwi na amoksilini, kwa hiyo utarudi, na muuzaji atakuwa amekuzoea. Ongeza dawa ya maji, chupa mbili tatu. Onyo moja: usijumlishe gharama. Tunasingiziwa sisi Wapare kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Ukipiga hesabu utakumbuka kwamba kipimo na dawa za kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure, na mwongozo huu utaishia hapa.

3. Lalamikia umbali. Hoja hii ina nguvu kwa sababu mara nyingi ni ya kweli. Gari la kushuka Same linaondoka alfajiri, nauli ya kwenda na kurudi ni hela ya chakula, na siku nzima ya shamba imekwenda. Anayekwambia hilo kwa uso mkavu msikilize, hadanganyi. Wewe mwenye nauli ndiye ninayekufundisha. Ila usimkaribishe mtu anayekumbuka mwaka 2011, tulipofunga safari mpaka Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikwenda kilomita na kilomita, barabara ilikuwa balaa, na sikusikia mtu akisema ni mbali. Kwa Babu foleni ilikuwa moja kwa magonjwa yote, hakuna aliyejua jirani yake anaumwa nini. Hospitalini ukikaa kwenye benchi la wanaokohoa, hata muuza karanga nje ya geti anajua.

4. Linda sura. Hapa ndipo penye kazi, usiharakishe. Ukianza kukonda, toboa tundu jipya kwenye mkanda na useme umeacha sukari. Likifika tundu la tatu, vaa sweta chini ya koti. Jasho la usiku ni gumu zaidi kulieleza, hasa huko juu chini ya Shengena, ambako wenzako wamejifunika blanketi mbili na wewe shuka lako linakamulika. Sema umeota ukikimbizwa. Kama ni mwanakwaya, hamia sauti ya nne, kikohozi kinajificha vizuri kwenye besi. Makohozi yakija na damu, yafukie kwa mguu upesi, maana mwenye macho ataunganisha: kifua, kukonda, basi ni UKIMWI. Nawe unajua kwamba ukikutwa na kifua kikuu utashauriwa upime na virusi, kwa hiyo unakimbia majibu mawili kwa mbio moja.

Kuna kasoro ndogo katika siri hii, nayo ni kwamba inasikika. Ukuta wa jirani unaisikia, kanisa zima linaisikia, msikitini wanaisikia kuanzia safu ya mbele. Walishaamua zamani unaumwa nini. Anayesubiri kuambiwa ni wewe peke yako.

Usijione mtoro wa ajabu. Utafiti uliofanywa Mwanza na kuchapishwa mwaka 2000 ulikuta wagonjwa walikaa wastani wa siku 185 tangu dalili zianze mpaka waanze dawa, na sehemu kubwa ya siku hizo walikuwa bado wanajishauri wenyewe. Dozi yenyewe, miezi miwili ya dawa nne na miezi minne ya dawa mbili, ni kama siku 180. Muda wa kuikwepa tiba ungetosha kuimaliza, zikabaki siku za kwenda harusini.

5. Ukilazimishwa kwenda zahanati, nenda, lakini nenda kwa akili.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Kikohozi kimeanza lini?”

“Juzi tu.”

“Baba, sema kweli,” mkeo atadakia, “ni tangu tunavuna maharage.”

“Mama, mgonjwa ni mimi au wewe?”

Mjukuu aliye mgongoni mwake akikohoa dakika hiyo hiyo, angalia dirishani. Ukikutana na mhudumu aliyechoka, akakupa amoksilini nyingine na kukwambia urudi wiki ijayo, mshukuru, amekuongezea wiki. Akikupa kikopo badala yake, utaambiwa ulete makohozi ya asubuhi, yale yanayotoka ndani ya kifua baada ya kuvuta pumzi ndefu. Tia mate. Mate hayamsaidii mtu wa maabara, nawe utarudi nyumbani ukitangaza kwamba umepimwa na huna kitu.

6. Wakikugundua hata hivyo, usikate tamaa, bado una nafasi ya kuharibu. Meza vidonge miezi miwili. Mkojo utageuka rangi ya chungwa, ni dawa tu hiyo, usipeleke kwa mganga. Kikohozi kitakata, hamu ya makande itarudi, mkanda utarudi tundu lake la zamani. Achia hapo hapo. Vimelea vilivyobaki ndivyo vilivyo vigumu, na dawa vimekwisha kuionja. Acha, rudia, acha tena, na unaweza kufuzu kifua kikuu sugu na kupelekwa Kibong'oto, wilayani Siha, hospitali iliyoanza 1926 na ambayo tangu 2009 inatibu usugu huo. Zamani tiba yake ilichukua miezi 20 na zaidi, na miongoni mwa dawa kulikuwa na sindano za kila siku zilizowaacha wengine hawasikii. Siku hizi wameifupisha sana, ni vidonge, kwa hiyo hutapata hadithi ndefu kama za waliokutangulia.

Njia ni rahisi: Same, Mwanga, Moshi, Bomang'ombe, kisha unapinda kulia. Wewe uliyeona zahanati mbali utakuwa umetembea mkoa karibu wote. Kaa dirishani, na ulifungue. Abiria wengine wana safari zao.