Koekje Si Kuku

Siku ya soko upande wa Oraba, katika gombolola ya Kuluba, eneo la West Nile nchini Uganda, mtu mmoja anaweza kusalimia kwa Kikakwa, kuuliza bei ya muhogo kwa Kiarabu cha Juba, kubishana kwa Kiswahili, kumtania mchuuzi wa kutoka Aru kwa Kilingala, kisha akanyoosha kola na kuzungumza Kiingereza mbele ya afisa wa forodha. Sudan Kusini iko hapo ng'ambo, Kongo nayo haiko mbali. Ukiacha Kiingereza, wachache wamezisomea lugha hizo darasani. Zimeingia kwa masikio, pamoja na vumbi la barabara ya Koboko.

Ndiyo maana afisa kilimo mmoja wa huko, ambaye jina lake tunalihifadhi kwa heshima ya watoto wake, hakuona sababu ya kuhangaika alipopata ufadhili wa kozi fupi mjini Wageningen, Uholanzi. Masomo yenyewe yalikuwa kwa Kiingereza. Lakini mtu haingii kwa mwenzake bila kupiga hodi kwa lugha ya mwenye nyumba, aliwaambia wenzake ofisini, na lugha yoyote ile ukiipeleka sokoni inalainika.

Kwa hesabu yake, nusu ya kazi ilikwisha kufanyika kwenye kibanda cha mpira. Nani West Nile asiyemjua Virgil van Dijk, Louis van Gaal au Robin van Persie? Vijana wa kibandani walimweleza kuwa "van" ni "wa" tu, yaani mtu wa mahali fulani. Arne Slot, kocha aliyeipa Liverpool ubingwa wa ligi ya Uingereza mwaka 2025, jina lake ni kufuli. (Ni ngome pia, lakini hiyo haikuwachekesha mashabiki wa Arsenal.) Aliyempa moyo zaidi ni Cody Gakpo, ambaye baba yake ana asili ya Togo. Mama yake afisa ni Mlugbara, na Mlugbara huitoa "kp" kwa pumzi moja bila jasho, ilhali Wazungu wengi huikata vipande viwili. Kilichomshtua ni "g" ya mwanzo aliyoidhani rahisi. Waholanzi huikwaruza kooni hadi jina likawa kitu kama "Khakpo".

Tena kuna SNV, shirika la Uholanzi lililofanya kazi West Nile kwa miaka mingi. Lilianzishwa mwaka 1965 kwa jina la Stichting Nederlandse Vrijwilligers, taasisi ya Waholanzi wa kujitolea. Watu wa Arua wamezitaja herufi hizo tatu mikutanoni, kwenye ripoti na kwenye milango ya magari, wala hakuna aliyejua kwamba anazungumza Kiholanzi kwa kifupi.

Mazoezi ya sauti yalianza nyumbani, jioni. "Goedemorgen", habari za asubuhi, hutamkwa karibu na "khude-morkhe". Afisa alipolirudia mara kadhaa kibarazani, mkewe, aliyekuwa jikoni akipika samaki wa angara, alitoka mbio na tonge kavu la ugali wa enyasa. Alimtaka ameze bila kutafuna ili mwiba ushuke. Jirani yao, maalimu wa madrasa, alisimama uani kusikiliza. Maisha yake yote amewafundisha watoto kutofautisha khe na ghaini. Alilitamka neno lile safi, mara moja, akauliza kama lipo jingine.

Waholanzi wenyewe wanajua koo lao lilivyo. Inasimuliwa kwamba Wajerumani walipovamia mwaka 1940, mtu aliyeshukiwa kuwa jasusi aliambiwa atamke Scheveningen, jina la kitongoji cha pwani cha The Hague. Mjerumani alianza na "sh", Mholanzi akaanza na "s" ikifuatwa na mkwaruzo, na mambo yakajulikana hapo hapo. Mtu wa mpakani hahitaji kuchorewa picha ya kizuizi cha namna hiyo.

Wala si kila msafiri anayejifunza Kiholanzi kwa raha zake. Tangu Machi 2006, Mganda anayetaka kwenda kuishi na mume au mke wake Uholanzi hufanya kwanza mtihani ubalozini: siku hizi ni kusoma, kuzungumza, na maswali kuhusu jamii ya huko. Binti mmoja wa Arua aliyefaulu mtihani huo alimwachia afisa daftari lake la kujisomea. Viza ya afisa mwenyewe, ya masomo mafupi, haikumdai mtihani wowote. Alilipokea daftari kwa adabu, akalitia begini, chini kabisa, chini ya mfuko wa simsim.

Arua iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa ndege wa Schiphol uko takriban mita tatu chini ya usawa huo, mahali palipokuwa ziwa hadi lilipokaushwa mwaka 1852. Mtu wa West Nile akitua pale ameshuka kwelikweli. Hata hivyo, safari ya treni hadi kituo cha Ede-Wageningen haikumpa taabu. "Spoor" ndiyo njia ya reli yenye namba, "uitgang" ndiyo pa kutokea, na yote yameandikwa kwa herufi kubwa. Maandishi hayana koo.

Taabu ilianza alipokuwa kwa miguu.

Uholanzi ina watu takriban milioni 18 na baiskeli zaidi ya milioni 20, nazo zimetengewa njia zake, nyingi za lami nyekundu, laini, zilizofagiwa. Mgeni akiiona njia hiyo hudhani ametandikiwa yeye. Afisa alikuwa akiburuta sanduku lake katikati ya wekundu huo aliposikia kengele nyuma yake, kisha sauti ya mwanamke: "Pas op!" Maana yake ni "angalia!" Lakini mtu aliyekulia Kuluba akisikia "pasi" nyuma yake haulizi mara mbili. Alisimama wima, akaweka sanduku chini, akatoa pasipoti, akaifungua ukurasa wa picha na kuinyanyua juu, kadi ya chanjo ya homa ya manjano ikiwa imechomekwa ndani kwa usahihi unaotakiwa. Mama yule alifunga breki. Alikuwa kwenye baiskeli yenye sanduku mbele, na ndani ya sanduku watoto wawili wenye kofia walimkodolea macho. Aliitazama picha, akamtazama mwenye picha, akasema, "Mooi," akamzunguka na kwenda zake.

Usiku ule afisa aliandika kwenye daftari: mooi, pasi imekubaliwa. Ilichukua siku kadhaa kabla Mghana wa chumba cha pili kumweleza kuwa neno hilo ni "nzuri" tu.

Lakini kisa kinachosimuliwa hadi leo Koboko, na mwenyewe akiwepo, ni cha kahawa ya saa nne asubuhi. Mkufunzi wake, bwana mrefu mwenye sweta la kijani, alimkaribisha ofisini na kumuuliza, "Koekje?" Kwa sikio la Kiswahili hiyo ni "kukye", na kutoka hapo hadi kuku ni hatua fupi. Kwao, mgeni wa mbali huchinjiwa jogoo. Kinyume chake ndicho kingekuwa kioja. Afisa alilipa deni la heshima kwa Kiholanzi chake bora kabisa: "Ja, graag," ndiyo, kwa furaha. Kisha akauliza kwa Kiingereza pa kunawia mikono.

Mkufunzi alimwonyesha sinki iliyoko koridoni. Afisa alikunja mikono ya shati hadi kwenye viwiko, akanawa kwa sabuni, akarudi mikono ikiwa juu, ikichuruzika maji. Juu ya meza palikuwa na bati la duara. Mkufunzi alilifungua, akamsogezea, afisa akachukua biskuti moja ndogo kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, na kifuniko kikarudi mahali pake: tap! Alitafuna polepole, akijua kuwa kuku wa kuchoma huchukua muda. Alimaliza kahawa. Alitazama mlango. Mkufunzi naye alikuwa akitazama viwiko vya mgeni, akijiuliza bila shaka Waganda hula nini kinachohitaji kunawa kiasi hicho. Kikao kilikwisha saa tano kasorobo, na hakuna kuku aliyepita.

Mwandishi huyu amewauliza Waafrika wengine waliosoma Uholanzi kuhusu lile bati. Wote wanalijua, na wote wanakijua kile kifuniko.

Yote hayo ni madogo mbele ya saa. Msemaji wa Kiswahili amezoea tangu utotoni kuongeza na kupunguza sita kati ya saa yetu na saa ya Kizungu, na hesabu hiyo huifanya usingizini. Mkufunzi, pengine kwa kumhurumia mtu aliyetafuna biskuti kwa subira namna ile, alimwalika nyumbani kula chakula cha jioni, akamwandikia kwenye karatasi anwani na maneno "half zeven". Afisa alikaa na kalamu. Zeven ni saba. Half ni nusu. Saba na nusu, kwa hiyo kwetu ni saa moja na nusu usiku. Akiwa amekusudia kuwaaibisha wote wanaosema Mwafrika huchelewa, alibonyeza kengele ya mlango dakika kumi kabla.

Mlango ulifunguliwa na mtoto aliyevaa nguo za kulalia.

Kwa Mholanzi, "half zeven" ni nusu ya kuielekea saba, yaani saa kumi na mbili na nusu. Saa ile sahani zilikuwa zimekwisha kuoshwa. Walimpashia moto viazi vilivyopondwa pamoja na boerenkool, mboga ambayo afisa aliitambua mara moja kuwa ni ndugu wa sukuma wiki, na alikula akiwa na nia safi ya kufidia. Mke wa mkufunzi alijaribu kumsaidia kwa kumfafanulia mfumo mzima. Dakika ishirini na tano baada ya saa kumi na mbili husemwa "vijf voor half zeven", tano kabla ya nusu ya saba. Arobaini baada yake ni "tien over half zeven", kumi baada ya nusu ya saba. Hapo afisa alifunga daftari na kuomba chumvi.

Ipo bahati mbaya, ipo pia njema. Kwenye duka la mikate alikuta kibao "Alleen pinnen", hawapokei noti, kadi tu, na euro zake mpya alizobadilisha Kampala zikarudi mfukoni zikiwa na njaa yake. Lakini "statiegeld" alilielewa kabla hajamaliza kulisoma. Ni amana ya chupa na makopo: senti 15 kwa chupa ndogo ya plastiki tangu Julai 2021, na kwa kopo tangu Aprili 2023. Ukirudisha, unarudishiwa. Nani Koboko hajui kuwa soda haitoki dukani bila chupa tupu kuingia? Wanafunzi wenzake kutoka nchi tajiri zaidi walikuwa wakitupa makopo yao. Afisa aliyaokota yote bila haya, na kuponi za mashine zilimnunulia, hatimaye, kuku mzima.

Kizuizi kikubwa kuliko vyote kilibaki Waholanzi wenyewe. Katika orodha ya kampuni ya EF inayopima ujuzi wa Kiingereza kwa nchi ambazo Kiingereza si lugha yao, Uholanzi imeshika nafasi ya kwanza kwa miaka kadhaa mfululizo, na inaonekana kila raia ameapa kuilinda nafasi hiyo. Afisa akisema "goedemiddag", alijibiwa kwa Kiingereza. Akisema "dank u wel", alijibiwa kwa Kiingereza. Siku moja aliamua kumziba mtu mdomo: "Ik spreek geen Engels," sizungumzi Kiingereza. Yule kijana wa kuuza simu alimuuliza anatoka wapi. Oeganda, alijibu, kwa jinsi wao wanavyoliandika. "Uganda?" kijana alifurahi, kwa Kiingereza fasaha. "Lakini huko si mnazungumza Kiingereza?"

Sokoni ndiko alikopumua, pale penye kanisa kubwa katikati ya Wageningen. Wauza jibini na samaki hupiga kelele za bei kwa Kiholanzi na hawana muda wa kumtafsiria mtu. Huko namba zilimkaa kichwani, hata zile za kinyume: 24 ni "vierentwintig", nne na ishirini. Ukimwuliza maalimu wa Kuluba atakwambia Waarabu nao huanza na nne. Bibi mmoja muuza maua alimsahihisha kila Jumamosi bila kukimbilia Kiingereza, pengine kwa sababu hakukijua vizuri, jambo ambalo afisa alilihesabu kuwa neema.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kupanda ndege Entebbe, jifunze "goedemorgen" kwa mtu aliyepita madrasa, jifunze "dank u wel", na ubebe kadi ya benki inayofanya kazi huko. Ukisikia "pas op", toka njiani. Ukiambiwa "half", rudisha nusu saa nyuma, usiongeze. Na kama umealikwa saa nne asubuhi, kula kabisa kabla hujaondoka chumbani.