Bonyeza Moja, Usubiri Katesh

Tuseme una duka la pembejeo lenye matawi Mbulu mjini, Haydom, Katesh na Basotu. Mtaalamu amekushawishi simu zote ziingie kwenye namba moja, mashine izigawe. Hongera, umeendelea.

Mkulima wa Basotu anapiga kuulizia dawa ya kutu ya ngano. Anapokewa na dada mwenye lafudhi ya Masaki: Kiswahili bonyeza 1, Kiingereza 2. Bibi wa Kiiraqw na mzee wa Kibarbaig hawana tarakimu yao. Simu inaita Katesh sekunde 20. Leo mnada, hakuna mtu. Inarukia Haydom, umeme umekatika. Inatua Mbulu, kwa kijana anayejua vitunguu saumu tu. Ngano huiona kwenye chapati.

Saa za kazi nazo zimepangwa. Mlimwambia mtaalamu mnafungua saa 2 na kufunga saa 11, naye akaingiza 2 na 11 vilevile. Mashine haikulelewa Uswahilini, siku yake inaanza saa 6 usiku. Basi duka linafunguliwa saa 8 usiku, linafungwa saa 5 asubuhi, na mchana kutwa wateja wanapigiwa kinanda.

Wakati huohuo, ukutani dukani Katesh kuna namba ya mkononi ya karani, imeandikwa kwa mkaa. Wote wanapiga hiyo. Anapokea hata akiwa mnadani, anajibu kwa Kiiraqw, na dawa ikiwepo tawi jingine anaagiza kwa konda wa basi.

Bosi, kabla hujalipia leseni ya mwaka wa pili, hebu mnunulie karani vocha.