Namna ya Kuiua Pikapu ya Dizeli kwa Heshima: Mwongozo kwa Tajiri Mpya wa Robanda

Hongera, tajiri. Zoea kuitwa hivyo. Tangu pikapu yako iingie Robanda ikitokea Mugumu, vumbi nyuma na honi mbele, hilo ndilo jina lako. Mkopo uliochukua na ng'ombe uliouza vitabaki siri yetu wawili.

Watakuja wazee wa gereji wakushauri usome kitabu cha gari, ubadilishe oili kwa wakati, uende taratibu. Wasikilize kwa adabu, kisha wasahau. Hawa wanadhani pikapu inanunuliwa ili ibebe mizigo. Mizigo ni sababu uliyompa mama watoto. Wewe na mimi tunajua kwamba pikapu inanunuliwa ili ionekane. Fuata hatua hizi na utaonekana vizuri, mpaka siku ya mwisho ya injini.

Hatua ya 1: Chagua ile isiyotengenezeka

Wazee watakwambia uchukue ya zamani isiyo na tabo: Hilux yenye injini ya 5L, lita 3, silinda 4, au Land Cruiser yenye 1HZ, lita 4.2, silinda 6, injini ambayo Toyota iliitoa mwaka 1990 na mafundi wa vijijini wanaifungua chini ya mwembe kwa spana za kawaida. Haina kompyuta, haina makuu. Kwa hiyo haikufai.

Chukua yenye tabo na nozeli za umeme, zile zinazopuliza dizeli kwa mgandamizo wa zaidi ya baa 1,000. Uzuri wake ni kwamba ikizima, hakuna fundi wa karibu atakayethubutu kuigusa. Itavutwa na gari jingine hadi Musoma, labda hadi Mwanza, na wewe umekaa kwenye usukani kioo kikiwa chini. Hakuna safari inayoonwa na watu wengi kama ya kuvutwa.

Hatua ya 2: Washa kwa kelele, zima kwa ghafla

Dizeli haina plagi za cheche. Rudolf Diesel, yule Mjerumani ambaye injini yake ilifanya kazi sawasawa mwaka 1897, alitaka hewa yenyewe ibanwe mpaka iwe na joto la kuwasha mafuta. Kwenye pikapu yako hewa hubanwa sana na joto lake hupita nyuzi 500. Ndiyo maana asubuhi ya baridi inakupasa ugeuze ufunguo nusu, uache hita zipate moto, taa yake izime, ndipo upige stata.

Kusubiri ni kwa wenye baiskeli. Wewe piga stata hapohapo, tena na tena, mpaka betri ianze kunong'ona. Kisha ita vijana wasukume. Wakisukuma kuanzia kwako hadi barabarani, kitongoji kizima kitajua kwamba tajiri ana safari. Ikiwaka tu, kanyaga mafuta mpaka chini, oili ikiwa bado haijapanda juu ya injini. Jogoo wa jirani atajua mwenye mji amebadilika.

Ukifika sokoni, zima mara moja. Wenye tabo huambiwa waiache injini ilie taratibu dakika moja au mbili, kwa sababu tabo hupata joto kali na hulainishwa na oili inayosukumwa na injini hiyohiyo. Injini ikizimwa ghafla, oili husimama na kuungulia mlemle. Lakini dakika mbili ni nyingi, na watu wameshageuka kukuangalia ukishuka.

Hatua ya 3: Nunua mafuta kwa mtu unayemfahamu

Kila mwezi, Jumatano ya kwanza, EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, na sheli hufuata. Tajiri hafuati. Tajiri ana mtu wake wa dumu, nyuma ya duka, anayempunguzia kidogo kila lita bila kumweleza kwa nini.

Nitakueleza mimi. Zamani mafuta ya taa yalikuwa nafuu kuliko dizeli, na wajanja wakayachanganya mpaka serikali ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, kisha 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili mchezo usilipe. Siku hizi dumu lina mambo yake mengine, maji yakiwemo. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Ukiinywesha kitu chepesi au chenye maji, inajisaga yenyewe kimyakimya, bila kukusumbua, mpaka siku ya kukusumbua kweli.

Chini ya chujio la dizeli kuna kikoki cha kutolea maji. Kinafunguliwa kwa vidole tu na kazi yenyewe haichukui muda. Usikiguse. Taa ya chujio ikiwaka kwenye dashibodi, bandika stika juu yake. Ile ya Wiki ya Nenda kwa Usalama inatosha kabisa.

Hatua ya 4: Pamba

Hapa ndipo hela inapokwenda, kwa hiyo tukae kidogo.

*Mkonga.* Kazi yake ni kuvuta hewa safi kutoka usawa wa paa, mbali na vumbi na maji. Fundi wa kweli hutoboa bodi, huunganisha bomba hadi kwenye boksi la chujio la hewa na kuziba kila tundu. Gharama! Wewe nunua ganda la plastiki, lifunge kwa skrubu nne, liishie hapo. Nani atafungua boneti barabarani? Kisha masika yakifika, mto Grumeti ukijaa, ingia na mkonga wako kwa kujiamini. Injini, ambayo bado inavuta hewa chini ya boneti, itavuta maji. Maji hayabaniki, kwa hiyo kitakachopinda ni konrodi. Mamba wa mto ule wana uzoefu wa kungoja nyumbu wavuke. Watakungoja na wewe bila haraka.

*Taa.* Panga sita juu ya kichwa cha gari. Ziunge moja kwa moja kwenye betri kwa waya mwembamba wa redio, bila fyuzi. Zikianza kunuka utajua zinafanya kazi. Kumbuka tu unapoishi. Robanda iko jirani na hifadhi, na kuwinda kwa kumulika usiku ni haramu. Askari wa wanyamapori akiona pikapu inamulika nyika saa saba za usiku, hatafikiri ni mtalii, maana watalii wamelala. Utapata msafara wa bure hadi Mugumu, mbele gari, nyuma gari, kama kiongozi wa kitaifa.

*Matairi.* Weka makubwa kuliko ya kiwandani. Tairi kubwa huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, lakini spidomita haijaambiwa. Ndani ya Hifadhi ya Serengeti mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Sindano yako itasema 50 nawe uko juu ya hapo. Ukisimamishwa, mweleze askari hesabu hiyo ya mizunguko. Ataipenda, na ataiandika kwenye karatasi ya faini. Gia nazo zitakuwa nzito na breki zitachelewa, lakini kwenye picha hayo hayaonekani.

*Moshi.* Mwambie fundi aongeze mafuta yanayoingia kwenye injini. Kila ukikanyaga, wingu jeusi litatoka nyuma. Wingu hilo ni dizeli ambayo haikuungua vizuri, yaani hela yako ikipita kwenye ekzosi. Usisikitike. Sijaona njia fupi kuliko hiyo ya kuwaonyesha watu kwamba una hela za kuchoma.

Hatua ya 5: Pakia mpaka springi zicheke kinyume

Hilux ya kawaida hubeba tani moja hivi: magunia 10 ya kilo 100. Hesabu hiyo iliandikwa na mtu asiyejua lumbesa. Pakia magunia yako 10, kila moja na kilemba chake cha majani juu, halafu ongeza mabati ya jirani, mbuzi wawili wa mnada na akina mama watakaokaa juu ya yote wakishikilia kamba. Gari likiinua pua, ni dalili kwamba limekubali.

Likilalamika, usipunguze mzigo. Ongeza majani ya springi. Springi zikigoma kupinda, kazi ya kupinda itachukuliwa na chesisi, na chesisi ikipasuka huchomelewa. Mchomeleaji naye ana watoto.

Kuhusu namba: yako ni ya njano, ya gari la binafsi. Ya biashara ni nyeupe na inadai leseni ya LATRA. Usihangaike nayo. Kabla ya kufika kwenye kizuizi, simama pembeni uwafundishe abiria wote kwamba wao ni shemeji zako. Wafundishe na jina lako pia, maana trafiki huuliza. Kila kosa lina faini yake, na yeye hesabu anaijua: mzigo, abiria, tairi kipara, kioo cheusi. Mlipie kwa namba ya malipo huku ukitabasamu. Tajiri hagombani mbele ya mashemeji.

Hatua ya 6: Zama vizuri

Udongo wa mbuga ukilowa hushika tairi na hauiachii. Wajuao hufanya hivi: hupunguza upepo kidogo kwenye matairi, huingiza foo wili kabla ya tope, hushika gia nzito, kisha hupita mwendo mmoja bila kusimama. Wewe ingia kwanza kwa kasi. Foo wili utaikumbuka ukishazama.

Kama ni Land Cruiser ya zamani, habu za magurudumu ya mbele hufungwa kwa mkono, mtu akiwa nje. Umevaa viatu vyeupe, usishuke. Vuta tu gia ya foo wili na uamini kwamba mbele kunavuta, ingawa habu zikiwa wazi hakuna kinachovuta. Kanyaga mafuta mpaka chesisi ilale juu ya udongo. Sasa tuma mtoto akaite wenye ng'ombe wa kulima. Usiwasubiri huku ukiendelea kukanyaga, maana bei ya kuvutwa hupanda kwa kila inchi tairi inayozama, na wao wanaangalia wakiwa wamekaa.

Hatua ya 7: Wadhibiti ndugu

Kijiji kikiwa na pikapu moja, pikapu hiyo ni ya kijiji. Kuna msiba Nata, harusi Issenye, mjomba anataka kupeleka ng'ombe wa mahari hadi Tarime, na wote wamekuletea salamu wakiwa wameshavaa.

Dawa ni kuwa na gari bovu la kudumu. Fungua boneti, toa tairi moja, sema kwa huzuni: "Ni nozeli, mjomba." Hakuna anayejua bei ya nozeli, kwa hiyo hakuna atakayejitolea kuchanga. Siku ya shughuli ambayo mkuu wa wilaya ni mgeni rasmi, gari lipone.

Mjamzito akiletwa usiku, hata mimi sikuruhusu uongo. Mpeleke hospitali Mugumu, na uende polepole. Mtoto akiitwa Toyota, umeshinda kuliko kama ungeongeza taa 10.

Hatua ya 8: Ahirisha matengenezo

Oili ya dizeli huwa nyeusi mapema kwa sababu ya masizi. Hilo ni kweli. Litumie. Kila mtu akishika ile fimbo ya kupimia na kukunja uso, mwambie, "Dizeli ndivyo ilivyo." Kwa maneno hayo unaweza kufika kilomita 20,000 bila kumwaga oili, pale wenzako wanapomwaga kila 5,000.

Kuna pia mkanda wa taimingi. Injini za 5L na 1HZ zote zinao, na kila kilomita 100,000 unatakiwa kubadilishwa. Ukikatika injini ikizunguka, valvu na pistoni hukutana, watu ambao hawakuwahi kutambulishwa. Lakini mkanda uko ndani ya kifuniko, hauonekani kutoka barabarani. Hela yake ongeza spika.

Hatua ya 9: Uza kabla hawajajua

Moshi ukigeuka wa bluu na asubuhi vijana wa kusukuma wakianza kudai posho, wakati umefika.

Mnunuzi akipiga simu kwamba yuko njiani, washa gari liungurume nusu saa. Dizeli ikishapata moto huwaka kwa kuguswa, na hatasikia kilio cha alfajiri. Osha injini asubuhi hiyohiyo ili oili inayovuja isiwe na historia. Weka oili nzito. Inatuliza moshi kwa siku kadhaa, nawe huhitaji zaidi ya hizo. Akiuliza limetoka wapi, lilikuwa la mzungu mmoja wa kambi, mzee, mwoga wa kasi. Akiuliza kwa nini unauza, sema ada ya shule, hata kama watoto wako bado wanatambaa.

Mkishaandikishana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, hesabu hela mara mbili na uzime simu siku tatu.

Siku ya nne iwashe, kwa sababu utakuta ujumbe: kuna Land Cruiser inauzwa Musoma, nzuri sana, ya mzungu, mwenyewe amebanwa na ada. Nenda upesi kabla hajabadili mawazo. Ukifika, boneti itakuwa ya moto, na mwenyewe atasema ametoka tu kununua mkate. Lipa, tajiri.