Spika Iliyochanika Inahitajika

Sauti ninayoitafuta ilirekodiwa Copenhagen, Denmaki, mwishoni mwa mwaka 1985, ikatoka Machi 1986 kwenye albamu ya Metallica iitwayo Master of Puppets. Ni gitaa la rithimu la James Hetfield: nyuzi nene zimebanwa kwa kiganja, mkono unachapa kwenda chini tu, chini, chini, kwa mwendo unaozidi mapigo 200 kwa dakika, na amplifaya ya Mesa/Boogie Mark IIC+ inanguruma. Mtu wa Copenhagen akiisikia anasema huo ni muziki. Mtu wa Tandahimba akiisikia anauliza nani anapuliza salfa.

Wala simlaumu. Mikorosho ikishaanza kutoa maua, alfajiri upepo ukiwa bado umelala, mashine za kupulizia dawa hiyo ya salfa zinanguruma shamba kwa shamba, na ukweli usemwe, zina besi nzuri kuliko pedali yangu ya gitaa ya Kariakoo. Bibi jirani alinigongea mlango nikiwa katikati ya mazoezi. Nikampa shikamoo, akaitikia huku macho yakipekua chumba.

"Mwalimu, mwanangu, salfa hiyo mbona unaipulizia ndani? Utajiua."

Nikamwonyesha gitaa. Akalitazama, akanitazama, akasema marehemu mjomba wake naye alianza hivi hivi.

Mngurumo huo wa gitaa unaitwa distosheni, nao una siri moja tu: mawimbi ya sauti yanakuzwa kupita uwezo wa chombo, vilele vyake vinakatwa, na katika kukatwa huko zinazaliwa sauti nyingine za juu ambazo mpigaji hakuzipiga. Balaa ni kwamba chombo hakibagui. Kinakuza gitaa, kinakuza na mvumo wa umeme, taa ya varandani na chaja ya simu. Pikapu za Hetfield zina koili mbili zilizofungwa kinyume ili mvumo ujifute wenyewe. Zangu ni za koili moja moja, zinadaka kila kinachopita. Nikikaa kuelekea Newala gitaa linavuma; nikigeukia Ruvuma linatulia. Ndiyo maana mgeni akija nyumbani nampigia nikiwa nimempa mgongo, nimekaza macho Msumbiji.

Neema ilitoka kusikotarajiwa. Amplifaya niliinunua kwa kwaya iliyokuwa ikiuza vyombo vyake chakavu, na spika yake ilikuwa na mchaniko. Nikipiga uzi mnene, karatasi ya spika inakoroma, na ule mkoromo ukichanganyika na pedali, Hetfield huyo hapo mlangoni, anabisha hodi.

Tena mchaniko una historia ya heshima. Mwaka 1958 Mmarekani Link Wray alitoboa spika zake kwa penseli ili gitaa likwaruze. Mwaka 1964 Dave Davies wa kundi la The Kinks la Uingereza akaichana yake kwa wembe, na wimbo ukatamba duniani. Kinshasa, kundi la Konono No. 1 la mzee Mawangu Mingiedi lilitengeneza vinasa sauti kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari, likembe zao, ala za kupigwa kwa vidole gumba, zikakwaruza vibaya mno, na Wazungu wakalipa viingilio kusikiliza. Sisi huku uwandani spika zinajichana zenyewe, kuanzia za magari ya matangazo hadi za baa, na hakuna anayetupigia makofi. Tunazipeleka kwa fundi.

Na mimi nilikwenda kwa fundi, ila kwa ajili ya swichi ya kuwashia amplifaya tu. Niliporudi nilimkuta anatabasamu.

"Mwalimu, nimekutoza swichi peke yake. Ile spika nimekufanyia kama ndugu. Ilikuwa imechanika, nikabandika karatasi na gundi. Sikiliza mwenyewe!"

Akachomeka simu yake, akaweka wimbo wa gitaa wa Mbaraka Mwinshehe. Nyuzi zikatoka moja moja, safi, kila moja na salamu zake. Watu sokoni wakasimama. Nilitoa asante, kwa sababu hisani hairudishwi, kisha nikauliza kwa sauti ya chini kama anaweza kuirudisha ilivyokuwa. Fundi akamwita mwenzake aje alisikie swali hilo.

Tangu siku ile mtaa una amani. Bibi jirani ameanza kuleta kigoda na kuagiza nyimbo, zote za kabla ya 1979, mwaka aliofariki Mbaraka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama una spika iliyochanika, iwe ya gari la matangazo, ya baa au ya kwaya, tafadhali usimpelekee fundi. Niletee Tandahimba. Inayokoroma kwenye besi naiongezea bei. Malipo ni baada ya mnada wa korosho.