Kwa Mjomba Lulindi, Katika Habari ya Baiskeli na Kichwa cha Lipiko

Mjomba wangu mpenzi,

Baada ya salamu nyingi kwako, kwa Mkazamjomba, kwa Bibi na kwa jamaa wote wa Lulindi waliosalimika na vumbi la salfa ya mikorosho mwaka huu, nakuarifu kuwa mimi mpwa wako ni mzima wa afya, isipokuwa masikio, ambayo hapa Dundee, katika nchi ya Uskoti, si mali yangu kamili tangu Novemba hata Machi. Kilichonisukuma kuandika leo ni kuwa mwalimu wangu ameniamuru, kwa upole na pasipo mzaha hata chembe, nieleze kwa maandishi asili ya kila mkwaruzo ulioko katika baiskeli yako.

Wajua kuwa nilikuja kusoma sanaa ya kutengeneza katuni kwa kompyuta, nanyi mkauza korosho mkidhani, kama nilivyodhani mimi, kuwa mwanafunzi wa katuni huanza kwa kuchekesha watu. Hasha. Kabla sungura hajainua mguu mmoja, yapasa achorwe mbele, ubavuni, mgongoni na mshazari, amesimama mikono wazi kama mtuhumiwa anayepekuliwa, kisha kila chombo atakachokishika kichorwe vivyo hivyo, pamoja na maelezo ya kimetengenezwa kwa nini, kina umri gani, kilivunjika lini na ni nani aliyekifunga kamba. Kwani chombo kisicho na historia, asema mwalimu, ni cha dukani, na watazamaji hawakisadiki. Nilipoagizwa kubuni chombo cha mzee wa kijijini, nikachora baiskeli yako: pedeli ya kushoto ya mti, keria iliyokazwa kwa vipande vya mpira wa tairi, siti iliyovikwa mfuko wa rambo ulionusurika marufuku ya serikali ya mwaka 2019, na madigadi ya nyuma iliyopinda tangu msimu ule ulipopakia gunia la korosho na Mkazamjomba juu yake. Mwalimu aliitazama michoro ile kwa muda mrefu, akasema mbele ya darasa zima kuwa nina kipaji adimu cha kubuni. Sikukanusha, mtu aliyesifiwa katika nchi ya baridi hana haraka ya kukanusha.

Ila mwenzangu mmoja aliuliza kwa nini mzee huyu hanunui pedeli mpya, na swali hilo ndilo lililozaa amri ya mikwaruzo. Nimejaza karatasi juu ya ubwiri unga wa mikorosho, juu ya bei ya salfa, juu ya stakabadhi ghalani na juu ya malipo yanayokawia hata pedeli ikakata tamaa kabla ya mwenyewe. Na mwalimu, alipomaliza kusoma, aliamua kuwa mhusika mkuu wa hadithi hii ni baiskeli, na kwamba mzee yafaa aondolewe. Uniwie radhi.

Wala ajabu haikuishia hapo. Kiumbe niliyemtunga kwa jasho langu mwenyewe, mwenye jicho moja, miguu mitatu na mdomo ulioanzia tumboni, niliulizwa mara moja nimemtoa wapi. Nikaapa kuwa ni wangu. Mwalimu akafungua kitabu, akanionesha mashetani ya George Lilanga, mzaliwa wa wilaya yetu ya Masasi mwaka 1934, aliyeanza kama mlinzi katika Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam hata akawa mchoraji wa sifa duniani. Kisha akanisimulia habari za Samaki Likankoa, Mmakonde aliyeanza kuchonga mashetani ya mpingo katika miaka ya 1950. Basi nilichokinakili huitwa ubunifu na nilichokibuni huitwa nakala, na nauli yote ile nimeilipa ili Mskoti anifundishe Masasi.

Kanuni iliyonikosesha usingizi zaidi ni ya kivuli. Mhusika akishachorwa hupakwa weusi mtupu, utosini hata nyayo, pasiachwe jicho wala kifungo, na kama mtoto hawezi kumtambua kwa umbo peke yake, hutupwa. Mji huu umeiamini kanuni hiyo hata ukamsimamishia sanamu ya shaba, pale katikati ambapo sisi tungalimweka mheshimiwa, mtu asiyepata kuzaliwa: Desperate Dan, wa gazeti la watoto The Dandy lililoanza kuchapishwa hapa mwaka 1937, ambaye kidevu chake ni kipana kuliko paji lake, na ambaye chakula chake ni pai yenye ng'ombe mzima ndani, pembe zikichomoza ukingoni. Mpake weusi upendavyo, kidevu kitamtangaza. Kwingineko mjini wamesimamishwa kwa shaba, vilevile, viumbe wadogo wa mchezo wa kompyuta uitwao Lemmings, uliotungwa hapa na kutolewa mwaka 1991, nao wamepewa jina la panya wa nchi za baridi; na kazi ya mchezaji ni kuhangaika usiku kucha kuwaokoa wasiangamie. Nilisimama mbele yao nikiwa na njaa, Mjomba, na sitakuandikia fikira zote zilizonipitia, maana watani wetu Wayao wanatucheka vya kutosha. Jioni ile nikakiona kivuli changu mwenyewe katika kioo cha duka, na koti, kofia na skafu juu yangu: ni gunia la salfa lililopewa miguu. Mtoto asingenitambua, ningetupwa.

Na kalamu ya huku haina wino. Ubao wake huhisi uzito wa mkono kwa daraja 8,192, nami katika hizo ninazo mbili, kugusa na kutoboa, kwa kuwa mkono wangu ulifunzwa na jembe. Nilipoambiwa kuwa ni ada ya wachoraji kuvaa glavu nilifurahi sana, hata nilipokabidhiwa yenyewe: inafunika kidole kidogo na cha pete tu, na vitatu vilivyobaki hukaa uchi. Wanasema ni ili kiganja kiteleze juu ya kioo, nami nimekubali. Lakini glavu hiyo huvaliwa ndani, penye joto la Ndanda, na huvuliwa wakati wa kutoka nje, ambako mwezi wa Desemba jua hutua kabla ya saa kumi alasiri na upepo wa mto Tay hauna adabu. Kuna pia kitufe cha kutengua, ambacho ukikibonyeza, kosa lako hufutika, na la kabla yake, na la kabla ya hilo. Nikamkumbuka fundi wa mpingo, tezo mkononi, ambaye pua ya mzee ikikatika hana budi kumgeuza mzee awe nyani. Nimekibonyeza sana kitufe hicho usiku, barabara ikiwa kimya. Kinarudi nyuma hata asubuhi, hakifiki Masasi.

Sasa nafika kwenye shauri ninaloliombea idhini yako. Kwa filamu yangu ya mwisho nilimchagua lipiko, yule kinyago wetu anayecheza ngoma, kwa sababu wachongaji wetu, kompyuta haijazaliwa, walikuwa wakitwaa mti mwepesi wakamchonga Mreno wa serikali au mwenye duka, na uwanja mzima ukamjua kwa kichwa tu. Mwalimu alifurahi, kisha akanionesha kisanduku cha mwisho katika karatasi ya mhusika, kinachotaka mavazi yavuliwe moja moja hata aonekane aliyemo ndani. Akauliza: ndani ni nani? Mjomba, jandoni ulinipeleka wewe mwenyewe. Nikatazama sakafu, nikasema hapana mtu. Akasema lazima yumo, nguo haichezi yenyewe. Nikasema ndiyo maana watoto hukimbia. Akauliza basi huyo asiye mtu huonea wapi, maana macho umeyachora yamefumba. Nawe wajua huonea wapi, lakini barua hii unasomewa na Binamu katika simu yake, naye ni mwanamke, kwa hiyo tuendelee.

Shauri lilikatwa na kompyuta. Mhusika, akishatoka karatasini, hujengwa kwa ngozi tupu iliyoungwa kwa vipande vidogo vya pembe nne. Ukiisukuma kamera ikapenya paji la uso wa mhusika yeyote, utakuta gololi mbili za macho na safu za meno zinaelea hewani, na nyuma yake hapana kitu. Nikamwingiza mwalimu katika kichwa cha lipiko wangu, ambamo hata gololi sikuzitia. Akazunguka humo, akatokea kisogoni, akaandika katika kisanduku kwa mkono wake: hapana mtu. Waarifu wazee kuwa siri yetu sasa inalindwa kwa hati ya Mskoti.

Kimebaki kizuizi kimoja. Filamu itaoneshwa kwa umma mwezi wa Mei, na wanawake wa Dundee watakuwapo, wala sina mlango wa kuwazuilia. Nakuomba uketi na wazee mniamulie kama nao wamo katika waliokatazwa, ama katazo lilikoma baharini. Na mkiamua kuwa wamo, nielezeni pia nifanye nini na mwalimu, kwani sikupata nafasi ya kukuambia kuwa naye ni mwanamke.

Mpwa wako mtiifu